Barakoa ya usingizi inavuja? Usikimbilie kukaza mikanda

Mimi ni fundi wa matairi hapa Tanga, mwaka wa 26 sasa. Pancha nilizoziba sina hesabu yake. Lakini barakoa ya mashine ya kupumulia usingizini ilinitoa jasho wiki tatu nzima, kwa kusahau neno ninalomwambia kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu: jua kwanza upepo unatokea wapi, ndipo ushike kifaa.

Aliyegundua kwamba nakatika pumzi usingizini ni mama watoto. "Unakoroma, halafu kimya. Nabaki kukuhesabia mpaka ushtuke." Nikapimwa, mpwa wangu aliyeko Muscat akaniletea mashine, daktari akaipanga nguvu ya sentimita 11 za maji. Usiku wa kwanza ikapiga filimbi. Nikakaza mikanda. Filimbi ikazidi, nami nikazidi kukaza. Asubuhi pua ina alama kama ya kamba, macho mekundu, na gereji vijana wananong'ona kwamba mzee siku hizi anakunywa.

Hebu tazama hizo sentimita 11 ni kitu gani. Zamisha mrija wa soda sentimita 11 ndani ya jagi la maji, upulize mpaka mapovu yaanze kutoka. Nguvu yenyewe ndiyo hiyo. Tairi la gari dogo tunalijaza pauni 30 na kitu. Upepo wa barakoa haufiki hata robo ya pauni moja. Sasa mikanda ya kukaza kama unavuta gari bovu ni ya nini? Ule mto wa silikoni unaogusa uso umetengenezwa uvimbe kwa upepo wake na ujilaze wenyewe kwenye ngozi. Ukiubana sana unakunjamana, na kwenye mkunjo ndipo upepo unapopita.

Kwa hiyo legeza mikanda yote, anza upya. Lala kwanza, kwa ubavu uliouzoea, kichwa kwenye mto wako. Usiivae umekaa, kwani uso wa aliyelala si uso wa aliyekaa: mashavu yanashuka, nyama zinahama. Washa mashine na uisubiri ifike nguvu yake ya usiku, maana nyingine huanza polepole na kukudanganya kwamba mambo shwari. Kisha ishike barakoa, ivute mbele kidogo itoke usoni, uone mto ukivimba, halafu irudishe taratibu. Mara nyingi filimbi inakufa hapo hapo. Isipokufa, kaza kidogo kushoto, kidogo kulia, kwa kupokezana, kama nati za rimu. Kidole kiwe bado kinapita chini ya mkanda.

Kutafuta penye kuvuja, sisi tyubu tunaizamisha kwenye karai. Usoni huwezi. Lowesha mgongo wa vidole, uupitishe pole pole kandokando ya mto. Penye baridi ndipo. Juu ya pua, karibu na macho, pashughulikie kabla ya kwingine. Upepo wa pale ndio ulionikausha macho.

Lakini angalia sana hapa. Kuna matundu madogo mbele ya barakoa au kwenye kiungo cha mpira unaoleta upepo kutoka kwenye mashine, yanatoa upepo usiku kucha bila kupumzika. Yale si pancha! Ndiyo yanayotoa hewa chafu uliyokwisha kuipumua. Mimi, ufundi mwingi, niliyabandika plasta. Binti yangu anayesomea uuguzi aliibandua akinifokea kama mtoto, na hakukosea.

Halafu kuna chandarua. Hili sikuliona kwenye kijitabu cha maelezo. Mpira ulikuwa unapita chini ya neti, neti imechomekwa chini ya godoro. Nikigeuka, mpira unabaki nyuma na kuivuta barakoa upande. Mama watoto akachana kipande cha kanga kuukuu, akauning'iniza mpira kwenye mti wa kitanda juu ya kichwa, ukaachiwa urefu wa kutosha kunifuata ubavu hadi ubavu. Nusu ya matatizo yangu yalikuwa pale.

Mafuta nayo. Watu wa pwani tunalala tumejipaka, na silikoni iliyokutana na mafuta ya nazi inateleza tu. Osha uso kabla ya kulala, usipake chochote barakoa inapokaa. Mto wenyewe uoshe kila siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, uuanike kivulini. Jiki usiiguse.

Ndevu sikunyoa, na sinyoi. Barakoa kubwa ya pua na mdomo haikuelewana nazo hata siku moja, nikahamia ile ndogo yenye vijipira viwili vya kukaa kwenye matundu ya pua. Ila ukiamka koo limekauka kama umelamba unga, ujue upepo unaingilia puani na kutokea mdomoni. Kama pua imeziba, tibu pua kwanza. Ikishindikana, uliza juu ya mkanda wa kidevu, au urudi kwenye barakoa kubwa.

Mto wa silikoni uliolegea au kuchanika nunua mwingine. Usiupake solusheni wala gundi yoyote. Utakesha unavuta harufu yake.

Mashine yangu ni ya kampuni ya ResMed, na asubuhi huonyesha kisura: kikitabasamu, barakoa ilishika, kikinuna, ilivuja. Kizingiti chake ni upepo wa lita 24 kwa dakika unaovuja, bila kuhesabu unaotoka kwenye matundu yale. Kikinuna usiku mmoja sijali. Kikinuna wiki nzima na nimeshafanya yote haya, naibeba barakoa na mashine yake mpaka kwa daktari, nalala pale kwenye kitanda chake nimeivaa, aone mwenyewe. Nguvu ya upepo sibadilishi kwa mkono wangu, hata kama kitufe nakijua kilipo.