Kuhesabu wenye dimensia mtaani Ujiji

Dimensia ni ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kuwahesabu wenye nao usianzie hospitalini, wengi hawafiki huko, nyumbani wanaambiwa ni uzee tu. Mimi na mwenyekiti wa mtaa tunaorodhesha kila mwenye miaka 70 na zaidi, hata anayefichwa ndani. Asiyejua alizaliwa lini namuuliza Uhuru wa 1961 ulimkuta na umri gani.

Baada ya shikamoo, namtajia maneno kumi ayakumbuke baadaye, kisha apange njiti za kiberiti nilivyozipanga. Kalamu humwonea asiyesoma. Bintiye namhoji pembeni: bibi bado anaanika dagaa mwenyewe? Anarudisha chenji sawasawa?

Wanaoshindwa, na baadhi ya wanaofaulu, wapimwe na daktari, maana malaria, sonona na uziwi hudanganya. Hatua mbili za namna hii wilayani Hai, Kilimanjaro, zilionyesha takriban 6.4% ya wenye miaka 70 na zaidi wana dimensia.