Chora jedwali tupu kabla ya kuchanganya zege

"Matumizi ya majivu ya maganda ya mpunga katika zege" ni mada tu, hakuna kinachoulizwa hapo. Swali la utafiti ni hili: ukipunguza saruji kwa asilimia 5, 10, 15 au 20 na kuijazia majivu ya maganda ya mpunga wa Mwea, nguvu ya mgandamizo ya zege inabadilika kiasi gani siku ya 7 na ya 28, maji yakibaki kipimo kilekile? Sasa kuna kitu unachobadilisha, kitu unachopima, na kitu usichoruhusiwa kugusa.

Kabla hujashika sepetu, chora jedwali la matokeo likiwa tupu. Viwango ni vitano pamoja na sifuri, ambacho ni cha kulinganishia. Umri wa kupimia ni wa aina mbili, siku ya 7 na ya 28. Michemraba ya zege ya kuvunjwa kwenye mashine ni mitatu kwa kila chumba cha jedwali. Jumla ni 30. Mchemraba wa milimita 150 una lita 3.4 hivi, kwa hiyo unahitaji lita 101. Ongeza cha kumwagika, fanya 115. Ukitumia kilo 350 za saruji na majivu kwa kila mita ya ujazo, ni kilo 40 kwa kazi nzima, tena sehemu yake ni majivu. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha. Ufunge vizuri kila jioni, kwa sababu saruji iliyovuta unyevu si ile uliyoanza nayo. Jedwali likikushinda kulichora, swali halijaiva, na ni heri msimamizi akwambie hivyo sasa kuliko mwezi wa mwisho.

Miradi mingi huharibikia kwenye ratiba. Tuseme maabara imekupa kalibu sita, yaani vyombo vya kumiminia michemraba. Njia inayovutia ni kumimina sita za asilimia 0 Jumatatu, sita za asilimia 5 Jumanne, hivyo hivyo hadi Ijumaa. Lakini mvua ikinyesha Jumanne usiku na mchanga umelala nje, zege ya Jumatano imepata maji ambayo hukuyapima, na hutaweza tena kutenganisha athari ya majivu na athari ya siku. Afadhali kila siku umimine mchemraba mmoja wa kila kiwango, kwa siku sita, zamu zikipangwa kwa kura. Kalibu ya sita ibaki akiba. Ni usumbufu, maana utachanganya mara tano kwa siku, na mchanganyiko mdogo ni mgumu kulainisha sawasawa. Pima kwa mizani, usipime kwa karai, na ukaushe mchanga kwanza.

Mtego wa pili ni maji. Majivu haya hunywa maji, zege inakuwa ngumu kufanyia kazi, na mkono unaenda kwenye ndoo wenyewe. Ukiongeza, nguvu itashuka kwa sababu ya maji nawe utayalaumu majivu. Shikilia uwiano uliopanga wa maji kwa saruji na majivu, tuseme 0.5, kisha uripoti jinsi ulaini ulivyopungua. Hilo nalo ni tokeo. Andika pia maganda yalichomwa kwa joto gani, kwa kuwa joto likizidi sana silika iliyomo kwenye majivu hugeuka fuwele na kupoteza uwezo wa kushirikiana na saruji.

Daftari la maabara huandikwa kwa wino, na kosa hupigwa mstari mmoja bila kufutwa. Andika uzito uliopima kweli, usiandike ule uliopanga. Mchemraba wenye ukingo uliomeguka uandike kabla haujaingia kwenye mashine. Kuukataa baada ya kuona namba yake ni kuchagua majibu.

Mashine ikisoma kN 675, yaani newtoni 675,000, gawa kwa milimita za mraba 22,500: N/mm² 30. Mitatu ya asilimia 0 ikitoa 28.4, 30.1 na 31.8, wastani ni 30.1: ripoti 30.1 ± 1.7, ukisema hiyo 1.7 ni mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko, wa michemraba mitatu. Kompyuta itakupa desimali sita, ziache. Na kama kiwango cha asilimia 10 kimetoa 31.0, usiandike kwamba majivu yameongeza nguvu. Tofauti ya 0.9 imemezwa na mtawanyiko.

Kwenye grafu, anza mhimili wa wima na sifuri. Ukiuanza na 25, kilima kidogo kitaonekana Mlima Kenya.

Kuandika hakufuati mpangilio wa ripoti. Sura ya mbinu iandike jioni za maabara, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Kisha grafu, matokeo, mjadala, utangulizi, na ikisiri mwisho kabisa. Matokeo husema kilichotokea. Mjadala husema kwa nini. Makala ambayo hukuisoma, uliyoiona imetajwa tu ndani ya nyingine, usiiweke kwenye marejeleo. Kama utawahoji watu, mathalani wafyatuaji wa matofali, ulizia mapema idhini ya maadili chuoni na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya.

Siku ya kuwasilisha, jaribu kwanza kumweleza fundi wa mjengo tokeo lako kwa sentensi mbili za Kiswahili. Akikuuliza "kwa hivyo nichanganye ngapi?" nawe huna jibu, slaidi zako bado. Baada ya slaidi ya mwisho weka moja ya akiba yenye namba zote 30, za michemraba iliyomeguka zikiwemo, ili mtahini akizitaka usianze kutafuta faili mbele ya jopo.