Somo: Kuandaa spoku za gurudumu la nyuma kabla ya safari ndefu

Wadau wanaopanga kutoka Kampala kwenda hifadhi ya Kidepo kwa baiskeli, anzeni na gurudumu la nyuma. La mbele halisumbui sana.

Spoku, yaani njiti za chuma za gurudumu, nyingi hukatikia shingoni, pale zinapoingia kwenye habu (kitovu cha gurudumu), na chanzo kikubwa ni kulegea. Kila spoku inapopita chini ya mzigo hupungua mvutano, kisha huvutwa tena. Ikiwa imelegea, shingo inacheza kwenye tundu lake kila mzunguko. Kwa tairi la inchi 26, kilomita 80 ni mizunguko karibu 38,000. Chuma kinachoka. Ndiyo maana inakatika kwenye lami safi wakati jana ilivuka mashimo yote salama.

Hatua ya 1. Pindua baiskeli, kisha gonga spoku kwa ukucha moja baada ya nyingine. Nyuma, upande wa friwili (gia ya kulia inayoshika mnyororo) hulia kwa sauti ya juu na upande wa kushoto sauti ya chini. Hilo ni kawaida, kwani friwili inakula nafasi na ringi (duara linaloshika tairi) lazima ibaki katikati ya fremu. Unachotafuta ni spoku inayolia tofauti na wenzake wa upande uleule. Itie alama kwa chaki.

Hatua ya 2. Kaza zilizolegea kwa ufunguo wa spoku, robo mzunguko tu kwa mara moja. Ukitazama nati ya spoku, ile iliyo kwenye ringi, kutoka upande wa tairi, kukaza ni kufuata mwendo wa saa. Ringi ikivutika kulia, kaza za kushoto na ulegeze kidogo za kulia mahali hapohapo. Nati iliyoshika kutu ipe tone la mafuta, usubiri. Ukilazimisha unaila kona zake, na hapo ufunguo hautashika tena.

Hatua ya 3. Hii mafundi wengi wa kando ya barabara huiruka, nami naona ndiyo yenye faida kuliko zote. Vaa glavu, shika spoku mbili zinazokwenda sambamba upande mmoja, zibane kwa nguvu zako zote. Zunguka gurudumu zima. Shingo zinakaa vizuri kwenye habu, na utasikia mlio. Kisha nyoosha ringi upya.

Hatua ya 4. Hamishia sehemu ya mizigo mbele. Jeriken ya maji, jiko na vyuma vyote kwenye keria ya nyuma ni kuliua gurudumu.

Hatua ya 5. Beba spoku za akiba za urefu wa kila upande, maana za friwili kwa kawaida ni fupi kidogo, pamoja na kifaa cha kufungulia friwili. Bila hicho, spoku ya kulia huwezi kuiingiza hata ukiwa nayo mkononi.

MASWALI

Mdau wa Mbale: Webale nyo, fundi. Nikiweka spoku nene kama za baiskeli za kubeba matoke, si ndiyo dawa?

Jibu: Hapana, kaka. Spoku iliyo nyembamba katikati na nene kwenye ncha, milimita 2.0 kwa 1.8, hunyumbuka kidogo na kuiokoa shingo. Ongeza idadi badala ya unene: spoku 36 nyuma. Baiskeli kubwa za zamani za Kiingereza zilikuwa na 32 mbele na 40 nyuma.

Mdau wa Masindi: Mwezi huu zimekatika tatu, zote upande mmoja. Niendelee kubadilisha mojamoja?

Jibu: Zilizobaki zimechoka vilevile. Suka gurudumu upya kwa spoku mpya zote. Habu na ringi vikiwa vizima vibakize.

Mdau wa Arua: Ikikatika katikati ya Karuma na Pakwach, na sina akiba?

Jibu: Dada, kizungushe kipande kilichokatika kwenye spoku ya jirani kisipige fremu. Ikiwa iliyokatika ni ya kulia, ringi itakwenda kushoto, basi legeza kidogo mbili za kushoto zilizo jirani. Fungua breki ya nyuma kama ringi bado inasugua, kisha nenda polepole kwa breki ya mbele, hasa kwenye matuta ya kila senta (kituo cha biashara).