Ukisoma tangazo kwa sauti, pumua kabla ya "ya"

Kwa wanaosoma matangazo kanisani au redioni hapa Bukavu: msikate pumzi baada ya "ya", "wa", "na" au "ni". Mtu anasoma "bei ya…", ananyamaza, halafu "makala sokoni Kadutu" (makala, yaani mkaa wa kupikia). Msikilizaji anabaki ananing'inia.

Vijineno hivyo havina mkazo wao. Mdomoni huegemea neno linalofuata kama mtoto mgongoni, hivyo tunasikia "yamakála", mkazo kwenye "ka" peke yake. Basi kata mapema: "bei / ya makala".

Vingine huegemea nyuma, na hivyo husogeza mkazo. Sema "sóko", kisha "sokóni". "Wafánya", kisha "wafanyáje". "Baba yake" ikifupishwa inakuwa "babáke". Hata ile "-ko" yetu ya kuomba kwa upole hufanya hivyohivyo: "unípe", lakini "unipéko maji". Hapo hakuna nafasi kabisa ya kupumua katikati.

Angalieni "ni" hasa, maana sauti ni moja na upande ni mbili: katika "ni soko" inashika la mbele, katika "sokoni" inashika la nyuma.

Kwenye karatasi, "ya makala" yabaki maneno mawili. Kuungana ni kwa mdomo tu. (Ila "nami" na "naye" huandikwa pamoja.) Mimi huweka kistari cha penseli kabla ya kila kijineno kwenye sentensi ndefu, hasa zile za ofisini zenye "ya" tatu mfululizo.