Kabla ya Umra au Hija: kirusi cha MERS na ngamia

Kikohozi cha Makka kila hujaji anakijua, na wengi huondoka nyumbani na asali na tangawizi begini. Si vibaya. Ila kuna kirusi kingine cha njia ya hewa, kilichogunduliwa Saudi Arabia mwaka 2012, ambacho maandalizi yake ni tofauti kabisa. Kinaitwa MERS, ni ndugu wa kirusi cha Uviko, na makao yake ni ngamia.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuamua mapema, kabla hujapanda ndege: hutatembelea mazizi ya ngamia wala kupiga nao picha, na maziwa yao hutakunywa mabichi, hata mwenyeji akikukirimu. Yakichemshwa hayana neno. Nyama nayo iive sawasawa. Mkojo wa ngamia, ambao wengine huutafuta kama dawa, achana nao. Ngamia mwenye kirusi anaweza kuonekana mzima kabisa, pengine makamasi kidogo tu, hivyo usimpime kwa macho.

Pili, jiulize una maradhi gani. Kirusi hiki hujishikiza kwenye protini iitwayo DPP4, ambayo kwa binadamu imejaa zaidi ndani kabisa ya mapafu kuliko puani. Ndiyo maana hakirukiruki ovyo barabarani kama mafua: kiko chini mno kutoka kirahisi. Lakini huko huko chini ndiko kinakoharibu. Vifuko vya hewa hujaa majimaji, oksijeni hushuka, na kwa baadhi ya wagonjwa figo hugoma. Kati ya wagonjwa waliothibitishwa, takriban asilimia 35 walifariki, ingawa wenye dalili ndogo pengine hawakuhesabiwa wote. Wengi waliozidiwa walikuwa na kisukari, ugonjwa wa figo au wa mapafu. Mzee wa namna hiyo amwone daktari wake kabla ya kulipia safari, na dawa za kutosha zikae kwenye begi la mkononi.

Tatu, na hili kwangu ndilo zito zaidi, iogope hospitali iliyojaa kuliko umati wa tawafu. Mwaka 2013 huko Al-Hasa, mashariki mwa Saudi Arabia, kirusi kilipita kati ya wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu. Mwaka 2015 msafiri mmoja alirudi Korea Kusini kutoka Ghuba, akazunguka hospitali kadhaa akitafuta tiba. Mlolongo ulioanzia kwake ulifikia wagonjwa 186, na 38 wakafa. Waliougua ni wagonjwa waliokuwa hospitalini humo, wauguzi, na ndugu waliokuja kuuguza. Mjue mapema kiongozi wa afya wa msafara wenu, ili homa ndogo isikupeleke kwenye foleni ya wagonjwa mahututi. Ukilazimika kwenda, vaa barakoa na unawe mikono.

Chanjo ya uti wa mgongo inayodaiwa kwenye viza haikingi MERS, na ya MERS yenyewe haijaidhinishwa bado.

Mwisho, waachie nyumbani maagizo. Dalili huchukua siku 2 hadi 14 kujitokeza. Ukipata homa na kikohozi ndani ya muda huo baada ya kurudi, upige simu hospitali kwanza, useme ulikotoka na kama ulikaribia ngamia au ulilazwa huko, na wageni wa kuja kukupongeza wasubiri.