Kabla hujawasha stima: maandalizi ya kupamba chuma kwa shaba na nikeli

Kazi hii ni kukifunika kitu kwa tabaka jembamba la shaba au nikeli, kwa kupitisha umeme kwenye maji yenye kemikali. Anza na kitu kilicho mkononi, kemikali zitangoja. Pitisha sumaku juu yake. Isiponata, kwaruza kwa tupa mahali pasipoonekana uone rangi ya ndani: nyekundu ni shaba, njano ni brasi, nyeupe na nyepesi ni alumini. Shaba, brasi na chuma laini vinamfaa anayeanza. Sinia la brasi, bizimu la mkanda, kitasa, kibao cha namba ya nyumba, vyote hivyo vinakubali. Alumini iache, hata kama karakana imejaa vitu vilivyomiminwa kutokana na sufuria kuukuu. Hewa huifunika kwa oksidi mara tu unapomaliza kuisugua, na tabaka utakaloweka juu litabanduka kama rangi iliyopakwa kwenye mafuta. Ina dawa yake ya zinki ya kuchovyea kwanza, ila hiyo ni kazi nyingine. Chuma cha pua nacho kina oksidi ya namna hiyo, na aina nyingi zake hazinati sumaku, basi cheupe kizito kisikuhadae. Kitu chenye ngozi ya mabati kikiingia kwenye asidi, zinki yake huyeyuka na kuchafua mchanganyiko wote.

Tabaka la mapambo ni jembamba mno. Nikeli ya maikroni 12 inatosha kabisa kwa kitu cha ndani ya nyumba, na unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Kwa hiyo haifichi kitu. Mkwaruzo ulioachwa na msasa hautafunikwa; ukishang'aa ndiyo utaonekana hata na mgeni aliye mlangoni. Piga msasa namba 240, kisha 400, kisha 800, kila mara ukibadilisha mwelekeo ili uone kama mikwaruzo ya namba iliyotangulia imeisha. Masinia ya brasi ya dukani mara nyingi yamepakwa vanishi isiyoonekana. Itoe kwa thina, la sivyo umeme hautapita, nawe utabaki kulaumu chanzo cha umeme.

Panga tabaka kwa mfuatano kabla ya kununua chochote, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Chukua msumari msafi uuchovye kwenye maji ya mrututu: ndani ya sekunde chache unageuka mwekundu bila umeme wowote. Unapendeza, lakini ufute kwa kidole na shaba yote inatoka. Chuma huyeyuka na kuiachia shaba nafasi yake, na shaba hiyo haishiki. Ndiyo maana chuma hakiingizwi moja kwa moja kwenye shaba ya asidi, yaani mchanganyiko wa mrututu na asidi. Kwanza kipe nikeli, kama dakika 10, hadi kifunikwe bila tundu, halafu shaba, halafu nikeli tena ukitaka rangi nyeupe juu. Brasi na shaba hazina shida hiyo.

Kwa ndoo ya lita 10 ya shaba utahitaji kilo 2 za mrututu, yaani kopa salfeti, na takriban lita moja na robo ya asidi ya betri yenye uzito wa mara 1.26 ya maji. Soma kibandiko. Dawa nyingi za ukungu zinazouzwa agroveti kwa wakulima wa kahawa na nyanya ni za shaba ya aina nyingine, oksikloridi au haidroksaidi, na hazifai hapa hata zikiwa na rangi inayofanana. Yeyusha mrututu kwenye lita 7 za maji ya uvuguvugu, acha yapoe, kisha mimina asidi polepole ndani ya maji huku ukikoroga kwa kijiti cha plastiki. Maji hayamiminwi ndani ya asidi kamwe, yataruka usoni. Mwisho jaza hadi lita 10.

Nikeli ni ghali zaidi na ina masharti. Lita 10 huchukua kilo 2.5 za nikeli salfeti, gramu 500 za nikeli kloridi na gramu 400 za asidi ya boriki, pH (kipimo cha ukali wa asidi) iwe karibu 4 na joto nyuzi 50. Usipashe moto kwa ile heta ya koili ya kuchemshia maji ya kuoga; chuma chake kitaliwa na mchanganyiko, na umeme wa volti 240 hauna huruma. Weka ndoo ndani ya karai la maji moto. Mafundi wa Nakuru wakumbuke kwamba usiku wa baridi huko huifanya asidi ya boriki igande chini kama chumvi. Asubuhi pasha na ukoroge hadi iyeyuke yote, kwani chembe zikielea hunasa kwenye kazi, yaani kitu unachopaka, na kuacha vipele. Kisumu shida hiyo ni ndogo, na ndoo ya shaba inafanya kazi vizuri kwa joto la kawaida la mji, alimradi haikai chini ya bati lililochomwa na jua la mchana.

Maji ya kuchanganyia yawe yale yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri. Maji ya kisima ya Bonde la Ufa yana madini mengi, floridi ikiwemo. Maji ya mvua yanaonekana kama jibu la bure, lakini yakishuka kwenye paa la mabati hubeba zinki, na zinki kidogo tu ndani ya nikeli huleta mistari myeusi, hasa kwenye mabonde ya nakshi. Maji ya mfereji yatumie kwa kusuuza tu.

Sasa hesabu. Umeme hupimwa kwa eneo, ukubwa wa ndoo hauhusiki. Bamba la sentimita 10 kwa 10 lina desimita mraba moja kila upande, kwa hiyo pande mbili ni 2. Kwa ampea 3 kwa kila desimita mraba, unahitaji ampea 6. Ukiongeza maradufu ili umalize haraka, pembe zitaungua na kutoa unga mweusi au wa kahawia. Betri ya bodaboda ikiunganishwa moja kwa moja hufanya hivyo hivyo, kwa kuwa volti 12 ni nyingi mno. Shaba huhitaji volti 1 hadi 4, nikeli 3 hadi 6. Tafuta pawa saplai ya mezani yenye kidhibiti cha ampea. Kwa hesabu hii nusu saa ya shaba hutoa maikroni 20, na dakika 20 za nikeli hutoa kama 12. Uhakikishe kwa mizani ya sonara: bamba hilo lipimwe kabla na baada, nikeli iongeze gramu 2 hivi. Ikiongeza nusu yake, angalia viunganishi, au pH imeshuka na umeme wako unaishia kutengeneza mapovu.

Anodi, yaani kipande kinachounganishwa upande chanya wa umeme, iwe ya madini unayoyapaka, shaba kwa shaba, nikeli kwa nikeli, na eneo lake lisiwe dogo kuliko la kazi. Ivike mfuko wa kitambaa cha poliesta uliofuliwa vizuri, maana pamba huliwa na asidi. Kijiko cha chuma cha pua hakifai kuwa anodi ingawa kinang'aa kama nikeli: kinaweza kutoa kromiamu ya sumu, ile inayosababisha saratani.

Halafu kuna stima yenyewe. Nikeli ikikatiziwa umeme katikati ya kazi, uso wake hulala, na tabaka linaloendelea juu yake baadaye hujitenga kama karatasi mbili zilizobandikwa vibaya. Kuanzia Kisumu hadi Kakamega, mvua ya radi hupenda alasiri. Panga nikeli asubuhi, au pitisha kila kitu kwenye inveta. Stima ikipotea, toa kitu, kisuuze, kichovye kwenye asidi ya salfuriki (ndiyo ile ya betri) ya asilimia 5 hadi 10 kwa dakika moja, kisuuze tena, ndipo ukirudishe.

Nakshi ya rangi mbili, kwa mfano maua ya brasi kwenye uwanja wa nikeli, hutegemea kizibio, yaani kitu unachopaka mahali usipotaka tabaka lishike. Rangi ya kucha inafaa kwa mistari myembamba. Ipake mara mbili, ilale usiku kucha. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 na hulainika mapema zaidi, hivyo itumie kwenye ndoo ya shaba isiyopashwa moto. Tepu ya umeme huvuja pembeni, usiitegemee kwa mchoro. Pia umeme hupenda ncha na kukwepa mashimo, kwa hiyo chora maumbo ya mviringo, na zungusha kazi mara kwa mara ikiwa majini.

Usafi hufanywa siku ile ile. Mafuta yote yatoke kwa magadi soda (sodiamu kaboneti), gramu 50 kwa lita ya maji moto, na brashi, kabla ya kupaka kizibio. Kizibio kikikauka, pitisha magadi tena, safari hii ya uvuguvugu na kwa mkono mwepesi. Baada ya hapo hakuna kidole kinachogusa, hata chenye glavu iliyoshika mlango. Mwagia maji: yakitanda kama kioo, endelea, yakikusanyika matone kama juu ya jani la mgomba, rudi kwenye magadi. Jitihada nyingine zote haziokoi kitu kilichofeli hapo.

Miwani, glavu za mpira hadi kwenye kiwiko, mlango wazi, mtungi wa lita 20 za maji safi karibu kwa ajili ya macho. Kemikali zisiwekwe kwenye chupa za soda, watoto wanazijua chupa hizo kwa jambo moja tu. Fedha na dhahabu mara nyingi hupakwa kwa sayanaidi. Hizo mpelekee mwenye leseni na vifaa, kwa sababu sayanaidi ikikutana na asidi hutoa gesi inayoua. Hereni na vyombo vya chakula visipakwe nikeli: ngozi za wengi huwashwa nayo, na ndimu huilamba.

Ndoo ya maji machafu iwepo kabla ya kazi. Shaba huua samaki hata ikiwa kidogo, na mtaro wa Kisumu unaishia ziwani. Kusanya maji yote ya kusuuzia, ongeza magadi soda polepole hadi pH ifike kama 9 kwa shaba na 10 kwa nikeli, acha yatulie usiku, chuja matope kwa kitambaa, yahifadhi yakiwa makavu kwenye ndoo yenye kifuniko, na ukabidhi kwa mbeba taka mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Kabla ya sinia, chovya ukanda wa brasi uliokunjwa kama herufi L. Upande ulio karibu na anodi ukitoka umeungua, punguza ampea; kona ya ndani ikitoka nyeusi, mchanganyiko una uchafu. Ukanda ukitoka safi pande zote, ukunje na kuukunjua mara mbili, tatu kwa koleo. Tabaka likibaki palepale kwenye mkunjo, tundika sinia.