Safari fupi ya binafsi Nyerere kwa watu wa Lindi na Mtwara: anza kupanga na saa ya boti

Mtu wa Lindi au Mtwara anayetamani kuwaona wanyamapori halazimiki kufunga safari hadi Arusha. Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019 baada ya kumegwa kutoka Pori la Akiba la Selous, ina ukubwa unaozidi kilomita za mraba 30,000 na inagusa hata mkoa wetu wa Lindi, ingawa njia za magari na boti wanazotumia wageni wengi ziko upande wa kaskazini-mashariki, kuanzia lango la Mtemere karibu na kijiji cha Mloka. Safari ya siku tatu na kulala mara mbili, ya binafsi kwa maana ya kundi lenu wenyewe, gari lenu na ratiba yenu, inatosha kabisa, mradi mambo yapangwe kwa mfuatano unaofaa.

Mfuatano huo unaanzia mtoni, yaani kwenye Mto Rufiji unaopita hifadhini. Nimewasindikiza ndugu na majirani zangu katika safari hii mara kadhaa, na kosa ninaloliona likirudiwa ni moja: watu hupanga gari, malazi na chakula, kisha boti huachwa hadi mwisho ili ijipenyeze penye nafasi. Safari yetu ya kwanza iliharibika hivyo hivyo. Tulikuwa na ahadi ya mdomo tu, tukatoka Lindi asubuhi tukitumaini kupanda boti jioni ile ile, na tulipofika ukingoni saa 11 jioni, tumejaa vumbi hadi kwenye kope, boti ilikuwa imeshaondoka na kundi jingine. Bibi yetu, ambaye usiku uliotangulia hakulala kwa furaha, alisimama pale akatazama maji kwa muda mrefu bila kusema neno, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo, jambo la kwanza la kufanya, kabla hata ya kuulizia gari, ni kupata uhakika wa boti ya jioni ya siku ya pili. Nasema siku ya pili kwa sababu barabara ya siku ya kwanza haiaminiki, na nasema jioni kwa sababu jua likishalegea, kuanzia kama saa 10, wanyama hushuka kunywa, mwanga huwa mzuri na joto la bondeni halichomi tena. Boti ya asubuhi nayo ni nzuri kwa ndege, lakini itakunyima saa zile za alfajiri ambazo gari linazihitaji zaidi. Boti nyingi ni za kambi na nyumba za wageni za Mloka na za ndani ya hifadhi, hivyo mnayezungumza naye kuhusu malazi ndiye huyo huyo mtakayezungumza naye kuhusu boti. Mwombe akuandikie tarehe, saa ya kuondoka, muda mtakaokaa majini, idadi ya watu, na kama boti ni yenu peke yenu au mtachanganywa na wengine. Saa mbili majini ndicho kiwango cha chini ninachokubali mimi. Tatu ni bora zaidi. Malipo ya awali yasitolewe mpaka maandishi hayo yafike.

Mwezi wa kwenda nao una uzito wake. Kwetu kusini fedha huonekana minada ya korosho inapoanza, kuanzia Oktoba, na wengi hutamani kusafiri Desemba wakiwa na kitu mfukoni. Kwa safari hii hesabu hiyo inapotosha, kwa kuwa wakati huo mvua zinaanza, nyasi zinapanda na wanyama wanatawanyika kwa vile maji yapo kila mahali. Ni afadhali kuweka fedha kando msimu unapolipa, kisha kusafiri kati ya Julai na Oktoba, mbuga ikiwa imekauka na kila kiumbe kikilazimika kuufuata mto na mabwawa yake. Likizo ndefu ya shule ya katikati ya mwaka inaangukia karibu na hapo, na hilo ni la heri kwa wenye watoto. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, iacheni: kambi nyingi hufungwa, udongo mweusi humeza magari, na hata barabara kuu yenyewe huweza kukatika, kama ilivyokatika maeneo ya Somanga mwezi Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya.

Kuhusu usafiri kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukodi gari Lindi au Mtwara na kwenda nalo mwanzo hadi mwisho. Ya pili ni kupanda basi la kwenda Dar es Salaam, kushuka Kibiti, na kupokewa hapo na gari la kambi. Mimi naipendelea ya pili kwa kundi la vijana na watu wa makamo, kwa kuwa gari la kambi limeinuliwa, lina paa la kufunguka au pande zilizo wazi, na dereva wake anajua jana simba walilala wapi. Ukiwa na wazee au watoto wadogo, kodi gari tangu nyumbani, lakini liwe Land Cruiser au gari jingine refu lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Noah itafika Kibiti bila tabu, ila kutoka hapo hadi Mloka ni takriban kilomita 100 za barabara ya vumbi na mchanga, na ndani ya hifadhi hali ni hiyo hiyo. Kundi la watu watano au sita ndilo linalogawana gharama vizuri bila kubanana. Kabla ya kukubaliana bei, ulizeni maswali yanayoleta ugomvi njiani: mafuta ni ya nani, dereva anakula na kulala kwa gharama ya nani, ada ya gari kuingia hifadhini imo au haimo, na je, bei ya boti imejumuisha kibali chake. Kampuni inayojitangaza kuwa ya utalii iulizwe leseni ya TALA, yaani leseni ya biashara ya utalii, na mwenye nayo huionyesha bila kununa.

Ada za kuingia hifadhini hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, si kwa fedha taslimu mkononi mwa mtu getini, hivyo hakikisheni simu ina salio la kutosha kabla ya kuondoka Kibiti, kwani huko mbele mtandao hukatika. Raia hulipa kwa shilingi kiasi kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni kutoka nje, lakini ni lazima uthibitishe uraia wako. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha taifa. Ulizeni pia kibali chenu kinaanza na kuisha saa ngapi, ili msije mkalipia siku nyingine kwa kuchelewa nusu saa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo mahitaji yafungeni katika vikapu. Mkeka na ukili vipo kwetu tele.

Siku ya kwanza tokeni Lindi mara baada ya swala ya alfajiri. Walio Mtwara waongeze takriban kilomita 110, na kwa ushauri wangu walale Lindi usiku uliotangulia. Hadi Kibiti ni zaidi ya kilomita 300 za lami, mkipita Nangurukuru, kisha Somanga ambako magari mengi husimama kwa samaki wa kukaanga, kisha Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 na lenye urefu wa karibu kilomita moja. Mwombeni dereva apite hapo taratibu. Maji yale yale mnayoyavuka ndiyo mtakayoelea juu yake kesho yake, na huku ndiko kwenye nchi ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye wazee husimulia kwamba alizama katika kidimbwi, akalala humo, akaibuka siku ya pili nguo zake zikiwa kavu, na kutoka kwake ikaenea dawa ya maji iliyoanzisha vita vya Maji Maji mwaka 1905. Wajerumani walimnyonga Mohoro, si mbali na barabara hii, mwezi Agosti mwaka huo. Watoto waelezwe hapo hapo, wakiwa wanauona mto.

Mkifika Mloka saa 9 au 10 alasiri, msifanye kitu. Ogeni, kuleni, laleni ndani ya chandarua. Wanaojali nyama iliyochinjwa kwa taratibu za Kiislamu wamwambie mpishi siku ya kulipa malazi, wasingoje mezani. Samaki wa Rufiji wapo, na ndio ninaowachagua mimi.

Siku ya pili gari liwe getini linapofunguliwa alfajiri. Valeni nguo za kahawia au kijani iliyofifia, kwa kuwa mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na buluu iliyokoza, na kuumwa kwao hupenya hata kitambaa kizito. Kitu cha kwanza watakachokifurahia watu wa kusini ni twiga. Kusini ya Rufiji twiga hawapo. Mto umekuwa mpaka wao, na mtoto wa Liwale anaweza kukua akisikia tembo wakivunja mihogo usiku asiwahi kumwona twiga hata mmoja, kumbe kaskazini ya maji yale yale wanatembea makundi kwa makundi. Mwambieni dereva afuate kingo za mabwawa ya Nzerakera na Manze, azime gari, asubiri. Swala pala, kuro, ngiri na nyati wataonekana bila kutafutwa. Mbwa mwitu hutafutwa kwa bahati na subira, lakini eneo hili ni miongoni mwa machache barani Afrika ambako bado wamebaki kwa wingi, hivyo mkiona mbwa wenye mabaka na masikio ya duara wamelala kivulini, achaneni na kila kitu kingine mkae nao. Jua likipanda rudini mpumzike, kwani mchana hauna la kuonyesha zaidi ya vivuli.

Saa 9:30 muwe ukingoni. Kila mtu, pamoja na anayejua kuogelea, avae jaketi okozi na kulifunga. Wanawake waliovaa baibui walivae juu yake, na mtandio ukazwe kwa sababu upepo wa boti huuchukua. Kaeni kwa uwiano pande zote mbili na msisimame wala kuning'iniza mikono nje, hata picha iwe nzuri namna gani. Nahodha mzuri mtamtambua kwa jinsi anavyowaheshimu viboko: hapiti kati ya kundi na kina cha maji, hupunguza mashine mapema, na mahali asipoona kitu hugonga ubavu wa boti ili aliyezama ajue kuna wageni. Akiwa anawafukuzia viboko ili mpate picha, mwambieni aache, tena kwa sauti ya wazi, kwa maana kiboko hupindua boti.

Halafu mwombeni azime mashine katikati ya mto, aache mkondo uwabebe. Hapo ndipo kila mlichopanga kinapolipa. Tulipomrudisha bibi mwaka uliofuata, nahodha alifanya hivyo karibu na fungu la mchanga, na ukimya ulipotua tulianza kusikia vitu: keremkerem wakiingia na kutoka katika mashimo ya ukingo, furukombe akiita kutoka juu ya mvumo mkavu, na viboko wakipumua, pumzi nzito yenye matone ambayo unaihisi kifuani. Mamba alikuwa amelala mdomo wazi, akijipoza, meno yake ya chini yakiwa na rangi ya chai. Kiboko mmoja alituinulia macho na masikio tu, akayazungusha masikio yote mawili kwa kasi yakarusha maji, akazama tena. Bibi alinishika mkono akaniuliza kwa kunong'ona kama ametuona. Nikamwambia ametuona.

Neno moja kuhusu maporomoko, kwa kuwa wapo wanaoiuza safari hii kwa kuyaahidi. Sehemu ya Rufiji inayofikiwa na boti za Mloka haina maporomoko. Kule juu kwenye korongo sasa kuna bwawa la kuzalisha umeme la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115. Anayetaka boti imfikishe karibu na maporomoko yenyewe aweke akiba kwa ajili ya Murchison nchini Uganda, ambako boti hupanda Mto Nile kutoka Paraa hadi karibu na mahali ambapo mto mzima hujibana katika mwanya wa mita kama saba na kudondoka mita zaidi ya 40. Hiyo ni safari nyingine, na fedha nyingine. Bwawa letu lina maana moja kwa mpanda boti: ulizeni hali ya maji siku moja kabla, kwa kuwa mto ukipungua mafungu ya mchanga hujitokeza na nahodha hulazimika kubadili njia.

Siku ya tatu ondokeni Mloka mapema ili mpite Somanga jua likiwa bado juu, na bahashishi ya nahodha mpeni mkononi mwake mwenyewe jioni ya boti, kwa sababu asubuhi yake atakuwa ameshatoka na kundi jingine.